Walisema Nimenawiri

Mwenye asalamu alaikumu nimemjibu, mwenye bwana asifiwe nimemjibu, na nyie mama zangu mliotoka vijijini, mwangaluka. Sista ameniomba niwape moyo kabla daktari hajaanza kuita majina. Ameniambia, Mama Sauda, waeleze ulivyougua na ulivyopona, ila usiwatishe. Nitajitahidi. Lakini mdomo wangu watu wa mtaani kwetu Ng'ambo wanaujua, na kama kuna atakayechukia anivumilie, maana leo sikuja kumpamba mtu.

Mimi nimezaliwa Goweko, kwa wakulima wa tumbaku. Mama yangu ni mwembamba mpaka leo, na sisi watoto wake wote tulikuwa wembamba, si kwa ugonjwa, ni kwa jembe. Nilipoolewa Ng'ambo nilikuja na mwili huohuo. Baba Sauda wakati ule alikuwa fundi baiskeli, anafanyia kazi kwenye kibaraza cha mtu. Tulikuwa na chumba kimoja. Tunakula ugali na mlenda, tukimaliza tunapiga soga mpaka usingizi unatuchukua. Ile ndiyo ilikuwa raha yenyewe, lakini hakuna aliyeniambia, na mimi sikujua.

Walichoniambia ni kingine. Wifi zangu walikuwa wakija wananitazama kutoka juu mpaka chini, wananiuliza kwa nini sinenepi. Wakasema namwaibisha ndugu yao, watu watafikiri hanilishi. Nikawa nakunywa uji wa karanga asubuhi na jioni. Wapi! Mungu akajalia, Baba Sauda akafungua duka la vipuri vya pikipiki, kisha la pili. Tukajenga, tukaweka na geti. Kila kitu chetu kikanenepa isipokuwa mimi.

Basi mwaka mmoja, mvua zilipokatika, mwili ukaanza kuja. Ulianza kwa uso. Nikiamka asubuhi macho yamejaa, kope nzito, mashavu yametuna. Ikifika mchana uso unapungua, miguu ndiyo inajaa. Nikivua kandambili, mikanda imeniachia mifereji kwenye ngozi. Pete ya ndoa ikagoma kutoka, ikabidi ikatwe kwa msumeno wa pale dukani kwetu, na Baba Sauda alikuwa anacheka kwa furaha wakati anaikata. Akasema atanunua kubwa zaidi.

Jamani, nilisifiwa. Sokoni watu waliniita kwa mbali waniambie nimenawiri. Waliokuwa hawanisalimii wakanisalimia. Wanaume wakitoka msikitini wakawa wanampa Baba Sauda mkono, wanamwambia biashara imekubali, mama watoto tumemwona. Wifi zangu wakanyamaza, na kwa wifi zangu kunyamaza ni sifa. Mama yangu akaja kutoka Goweko. Nikamwambia shikamoo mama, hata marahaba hakuitikia vizuri, akaanza kulia. Alinishika mashavu akasema, "Mwanangu, Mungu amenifuta machozi." Siku ile alichinja kuku aliyekuja naye. Mama yangu mzazi, aliyeninyonyesha, alichinja kuku kushukuru ugonjwa wangu.

Na siwezi kusema mwili haukuniambia. Uliniambia. Mkojo ulikuwa na povu kama maji ya kufulia, namwaga maji mara mbili tatu povu haliondoki. Nilichoka mpaka kufagia uwanja nikawa nakaa chini katikati. Tumbo likaja mbele. Wanaume mnisamehe, hata sehemu za siri zilivimba, nikawa nakaa upande. Nikauliza wenzangu, wakasema ndivyo unene ulivyo, wewe hujazoea. Nikaamini. Niliamini kwa sababu nilitaka kuamini. Usifiwe miezi mitatu baada ya kusimangwa miaka kumi na mmoja, uone kama utataka kwenda hospitali.

Kilele kilikuwa kwa jirani yetu, siku ya kumfunda bintiye aliyekuwa anaolewa. Chumba kimejaa wanawake. Kungwi, mwanamke anayeheshimiwa sana pale kwetu, akaniita katikati, akanisimamisha mbele ya mwali, akaniambia nigeuke taratibu. Akasema, "Mtazame huyu. Ukitulia na mume akatulia, unakuwa hivi." Vigelegele vikapigwa. Kumbe muda ule ngozi ya miguu yangu ilikuwa imeanza kupasuka, inavuja majimaji, na nilikuwa nimefunga vitambaa ndani ya dera yasionekane. Nikageuka kama nilivyoambiwa. Kisha nikageuka tena, mara ya pili, bila kuambiwa na mtu. Hiyo mara ya pili ndiyo inayoniuma mpaka leo.

Aliyenishtua ni fundi cherehani wangu, Zuhura. Nilikwenda kwake anipime gauni la harusi hiyohiyo. Akanipima, akafungua daftari lake, akapima tena. Hakunisifu. Akapiga magoti, akanibonyeza muundi kwa kidole gumba, akaondoa kidole. Pakabaki shimo. Tukalitazama wote wawili, halijai. Akaniambia, "Dada, mimi nimepima wanene maisha yangu yote. Nyama haibonyei hivi. Haya ni maji." Nikakasirika. Nilimwambia ana kijicho, nikachukua kitambaa changu nikaondoka. Nyumbani nikajifungia chooni, nikabonyeza mwenyewe mguu mmoja, kisha wa pili. Kesho yake nikaja hapa, peke yangu, sikumwambia mtu.

Wakapima mkojo, wakapima damu. Daktari akanieleza kwamba figo zangu zilikuwa zinavuja, zinaachia protini ya mwili itoke kwenye mkojo, na maji yanabaki yanajaa kila palipo na nafasi. Akanipa vidonge vya kutoa maji na vile vidogo vya kutuliza figo, nivimeze asubuhi baada ya chakula, nisiache hata siku moja bila yeye kusema. Chumvi akaikata. Akaniambia nina bahati, ningechelewa kidogo tungekuwa tunazungumza mambo mengine.

Nikaanza dawa. Maji yakatoka. Nilishinda chooni, narudi chumbani, nageuka tena. Nilikojoa unene wangu wote ule uliopigiwa vigelegele. Kwa wiki chache mguu ukarudi mguu, nikaona tena mifupa ya kifundo. Nikaweza kulala chali. Nikaweza kufagia uwanja wote bila kukaa. Uso peke yake ulibaki mviringo kwa ajili ya vile vidonge vidogo, huku chini mikono na mapaja yamebaki fito. Nilikuwa napona, ndugu zangu. Kwa mara ya kwanza tangu mvua zikatike, nilikuwa napona.

Na hapo ndipo watu wakaanza kunipa pole.

Sokoni wakawa wananipita wananitazama kwa chini. Wakaulizana kama ni ule ugonjwa. Wengine wakasema Baba Sauda amefilisika, wengine wakasema ana mwanamke mahali, mimi nimetupwa. Nilipokuwa ninakufa niliwekwa katikati ya chumba kama mfano, nilipoanza kupona nikaambiwa nikae nyuma na watoto. Baba Sauda hayo yote yalimfikia dukani. Hakuyasema, lakini alikuwa anarudi nyumbani ameinamisha kichwa. Ikawa tukienda mahali anatangulia, mimi ananiambia nitamfuata.

Sasa kukawa na harusi Bukene, ya binti wa kaka yake mkubwa. Ukoo wote ulikuwa unakusanyika. Siku kumi hivi kabla, asubuhi, nimeshika kikombe cha maji na vidonge mkononi, akakaa kitandani pembeni yangu. Si mtu mbaya, na hakufoka. Angefoka ningekataa. Aliongea kwa upole kabisa, ameangalia mikono yake.

"Mama Sauda, huwezi kuvipumzisha kidogo hivi vidonge? Mwili urudi kidogo tu, harusi ipite. Halafu utaviendeleza."

Nikavirudisha kwenye kopo.

Siku ya nne macho yalijaa. Siku ya saba gauni lililokuwa linanipwaya likanikaa. Baba Sauda akaanza kutembea pamoja nami. Nitasema ukweli wote: mimi pia nilifurahi. Nilisimama mbele ya kioo nikajitazama mashavu nikasema, nimerudi. Povu lilikuwa limerudi pia, nikawa siliangalii tu.

Bukene tulipokelewa vizuri. Wifi yangu mkubwa alinikumbatia mbele za watu, akasema hilo sasa ndilo umbo la mke wa ndugu yake. Nikakalishwa mbele. Nikala pilau, chumvi na yote. Ilipofika saa tisa alasiri, wakati wanacheza, kifua kikabana. Nikasema nijilaze kidogo, nikashindwa, nikilala ni kama mtu amenikalia. Nikakaa mkekani nimeshika magoti, navuta hewa haiingii. Nikakohoa, povu lenye wekundu likatoka mdomoni. Mnajua walisema nini? Walisema kijicho. Eti nimependeza mno, kuna mtu kanitazama vibaya. Shangazi mmoja akaleta kombe, maji ya dua, ninywe. Mapafu yamejaa maji, naongezewa maji.

Baba Sauda alinibeba yeye mwenyewe mpaka kwenye gari. Wakanikimbiza Nzega, wakaniwekea oksijeni, wakanileta huku. Siku tatu sizikumbuki. Nakumbuka sauti ya binti yangu Sauda anamuuliza baba yake kama nitakufa.

Nilipoanza kuongea, daktari alikuja na faili. Alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki. Akaniuliza, "Nani alikuambia uache dawa?" Baba Sauda alikuwa amesimama miguuni kwa kitanda, anaangalia sakafu. Nikamwangalia. Nikasema nilisahau, daktari. Daktari akaandika.

Ilichukua karibu mwaka. Vipimo vikapanda, vikashuka, vikapanda tena. Leo mkojo wangu ni safi, figo hazivuji, na dawa nimebakiwa na kidonge kimoja. Nina uzito niliokuwa nao kwenye chumba kimoja kile cha ugali na mlenda. Nalala vizuri. Namshukuru Mungu, nawashukuru wauguzi walionigeuza kitandani, namshukuru Zuhura ambaye nilimwita mwenye kijicho, na nilikwenda kwake nikamwomba radhi nikiwa nimepiga magoti.

Mama yangu naye nilimweleza. Alilia kuliko siku ya kuku. Nikamwambia hana kosa, tumefundishwa hivyo wote.

Mnataka kujua watu wa Ng'ambo wanasemaje sasa? Wananisifu. Baba Sauda amewaambia wateja kwamba nimepunguza mwili kwa hiari, kwamba ni mambo ya afya, watu wakubwa Dar wanafanya hivyo. Wamekubali! Walewale walionipa pole sasa wananiuliza ninakula nini niwe hivi. Kwa hiyo nimefaulu tena, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nilikaribia kufa. Zamani nilifikiri mtu akifanikiwa ataridhika. Mimi nimefanikiwa mara mbili, mara zote mbili kwa midomo ya watu, na mara zote mbili sikuulizwa ninajisikiaje. Kuridhika nimekupata chooni, siku nilipokojoa nikatazama, nikaona maji matupu.

Nyie mlio kwenye benchi hili, bonyezeni miguu yenu. Angalieni mkojo wenu, msione kinyaa, ni wenu. Chumvi ni ngumu wiki mbili za kwanza, halafu ulimi unanyamaza. Na mtu akikwambia umenawiri, mwambie asante, kisha nenda ukapime. Mficha maradhi kifo humuumbua, waliosema hilo hawakukosea, ila hawakusema kwamba kuna maradhi watu wanayapigia vigelegele yakiwa peupe.

Neno la mwisho ni kwa daktari, namwona amesimama mlangoni. Baba Sauda yuko nje na pikipiki ananisubiri, na asubuhi ameniomba nisiliseme. Daktari, kwenye faili langu imeandikwa kwamba mgonjwa alisahau dawa. Naomba uifute. Niliombwa niache, na mimi nikataka. Sikusahau hata siku moja. Kila asubuhi nilivikumbuka, nikaviacha.