Saruji Kwenye Unyayo

Kabla hajastaafu, mama alikuwa mfagizi wa mwamba wenye nyayo za dinosaria. Birika la maji halikumtoka mkononi. Jua likiwa la utosini nyayo hazionekani vizuri, basi alizimwagia maji kidogo zikang'aa, na wageni wakaacha kunung'unika kwamba wameonyeshwa mawe matupu.

Baba alikuwa fundi mwashi. Aliitwa pale kujenga ngazi, na saruji ikambakia. Alipoona mwamba una mashimo, ufundi ukamwasha mikono. Akaziba shimo moja na kulipiga mwiko mpaka likawa kama sakafu ya sebuleni. Mama alimshukia kama mwewe.

"We fundi, una macho kweli? Huo ni unyayo."

"Wa nani?" baba akauliza.

Saruji ilikuwa imeshashika. Ikabidi awe anarudi kila jioni kuibandua kwa tindo ndogo, mama amemsimamia kama askari. Unyayo ulipokaribia kusafika, walikuwa wameshachumbiana. Kilibaki kipande kimoja tu kwenye ncha ya kidole, maana kukigonga zaidi kungepasua mwamba. Baba hakukanyaga tena pale. Tukimtania mezani, aliinamia sahani yake. Mama alikipenda kipande kile, wala hakuficha.

Baba alitutoka mwaka jana. Juzi mama akaniambia nimpeleke mwambani. Tulimkuta msimamizi mpya, binti mpole aliyekwisha kusikia habari za mama na kipande kile, ameinama juu ya unyayo uleule na chupa ya dawa ya kulainisha saruji.

"Mama, leo tulitaka kukitoa hiki," alisema. "Lakini wewe ndiye mwenyeji hapa. Ukisema kibaki, tunakiacha."

Mama alichuchumaa, akakipapasa kwa kidole gumba. Moyoni nilimwomba akatae. Nyumba alizojenga baba zina wenyewe, sisi tulikuwa na hicho tu.

"Kitoeni," alisema hatimaye. "Mwenyewe alikionea haya mpaka anaingia kaburini. Aliyekuwa anakitaka ni mimi."

Binti akamuuliza kama angependa kubaki aone. Mama akatikisa kichwa, akaninyooshea mkono nimwinue.

"Twende, mwanangu," akasema, "kabla hawajaanza."