Maua ya Bi Biubwa Mezani kwa Mjerumani

Pale Chole, enzi za Mjerumani, alikuwako mama mmoja, Bi Biubwa, mtunga maua. Harusi yoyote ya heshima, kitanda alikipamba yeye: asumini, mkadi, na vilua, maua ambayo kwetu hayana kazi nyingine ila chumbani kwa mke na mume.

Siku moja mke wa Mjerumani, mkuu wa pale, akamwita, akampeleka mpaka chumbani. Juu ya kitanda ilitundikwa picha ya kale ya kwao: maua yamejazana ndani ya bilauri, na kando limau limemenywa nusu, ganda linaning'inia.

"Nifanyie kama haya. Jumamosi."

Bi Biubwa akatazama picha, akatazama kitanda, akatabasamu. "Inshallah, bibi. Bwana atafurahi."

Kazi ilimtesa. Maua yetu huchumwa vichwa vitupu, ya kupitisha uzi. Hayana miguu ya kusimamia. Akachonga njiti za makuti, akachomeka ua moja moja, waridi katikati, vilua vikizunguka, mrehani chini. Hata limau alilimenya vilevile.

Jumamosi yule bibi akapiga makofi kwa furaha, akayabeba, akayaweka mezani sebuleni, ambako wazee wa mji walialikwa kula.

"Bibi, si hapo!"

"Hapo hapo!"

Bi Biubwa akajibanza jikoni. Wazee walipoingia tu, akamsikia Muhsin mfanyabiashara: "Jamaa, tumekuja kula au kumwingiza bwana harusi? Sogea, Sleyum, leo mwali ni wewe!"

Wakaangua kicheko. Mzee Sleyum, ambaye bintiye alikuwa aolewe mfungo mosi, baada tu ya Ramadhani, hakucheka.

Mke wa Mjerumani akadhani wanasifu. Akamvuta Bi Biubwa kwa mkono hadi mbele ya wanaume. "Fundi ndiye huyu!"

Maskini, alivuta leso mpaka puani. Mzee Sleyum akaitazama sahani yake. "Bi Biubwa," akasema polepole, "hata wewe?"

Baada ya siku chache Zubeda, mkewe Sleyum, akaja. Alizunguka kwanza, akauliza habari za kuku. Kisha: "Dada, makoja ututungie wewe. Ila kitanda... mzee anasema akipambe Arafa."

 Bi Biubwa angesema nini, kwamba alidhani Wazungu nao wana mambo yao ya chumbani?

"Hewala," akasema.

Siku ya harusi alikaa uani pamoja na wapishi, akitunga makoja. Kila aliyepita akimwamkia, aliitikia bila kuinua uso.