Nahodha wa Marabo Amekufa Kabla Sijamalizana Naye

Habari ilinikuta kwa kinyozi, upande mmoja wa kichwa umenyolewa na mwingine bado. Kinyozi wangu ni msomaji wa safu hii, na ni mtu asiyejua kuweka neno tumboni. Alizima mashine, akaniangalia kwenye kioo, akasema: "Muzee, umesikia? Ule prefe ya Marabo amekufa. Ule yenye unamuandikaka kila mwaka." Watu wawili waliokuwa wakisubiri zamu walinigeukia waone nitafanya uso wa namna gani. Najua mtu mstaarabu husema nini saa kama hiyo. Husema Mungu ampumzishe. Mimi neno lililonitoka lilikuwa: "Amenikimbia." Nilisema hivyo kwa sauti, mbele ya mashahidi, na sioni sababu ya kulikana hapa.

Mnaonisoma kwa muda mrefu mnamjua marehemu prefe, mkuu wa shule ya Marabo, ingawa sijawahi kumtaja jina, na leo pia sitalitaja. Kwa wageni nieleze. Marabo iko kwenye barabara yetu ya kuelekea Komanda, si mbali. Pikipiki ikiwa nzima na njia ikiwa na amani, chai uliyoibeba kwenye thermos kutoka Bunia utainywa kule ingali moto. Shule yao ya sekondari na shule yetu zimechukiana kwenye mpira tangu kabla sijazaliwa. Baba yangu alifungwa na Marabo. Mwalimu wangu wa hesabu alivunjwa jino na Marabo. Mimi nilikuwa golikipa na nahodha wa Bunia katika mwaka wangu wa mwisho, na nahodha wao alikuwa huyu tunayemzika, kijana mwembamba mwenye miguu mirefu na tabasamu ambalo hata leo, nikiliwaza, mkono wangu unakunja ngumi wenyewe.

Lazima niwaambie kuhusu desturi ya swali, maana vijana wa leo hudhani tuliibuni mimi na yeye. Zamani kila upande ulikuwa na tabia ya kuleta wachezaji wa kukodi: madereva wa lori, vijana wa sokoni, mtu yeyote mwenye shuti kali akivalishwa jezi ya shule. Tuliwaita mersenere. Mwaka mmoja Marabo walileta beki mwenye ndevu zilizojaa. Wakasema ni mwanafunzi aliyechelewa kuanza. Mechi ikaendelea vizuri mpaka mtoto mdogo pembeni mwa uwanja alipopiga kelele, "Papa, mama anasema urudie, bugari iko napoa!" Uwanja mzima ulilala kwa kicheko. Baada ya aibu hiyo, walimu wa pande zote mbili wakakubaliana: kabla ya mpira kuanza timu zijipange, na kila nahodha achague mchezaji mmoja wa adui anayemshuku, amwulize swali moja kutoka somo la juma lile. Mwalimu wa mchezaji huyo anasimama na daftari la darasa kuhakikisha jibu. Anayejua, acheze. Asiyejua ni mersenere, atoke. Na ili watu wasibishane mpaka jua lizame, wakaongeza sheria: nahodha akilipinga swali, mechi imekwisha na timu yake imeshindwa.

Ilikuwa desturi nzuri. Wakati wa mechi hata wavivu walisoma. Tulikuwa na mshambuliaji, rafiki yangu wa benchi moja, ambaye akiwa na mpira Marabo yote ilirudi nyuma kama kuku walioona mwewe. Alikuwa mwanafunzi halali wa darasa la sita, la mwisho la sekondari, tena mwenye akili. Lakini juma lile la mechi hakuja shuleni hata siku moja, kwa sababu baba yake alikuwa amelazwa hospitalini na hakukuwa na mtu mwingine wa kumwosha na kumpikia. Katika chumba kile kile, kitanda cha pili kutoka mlangoni, alilazwa mama mdogo wa nahodha wa Marabo. Vijana hao wawili walionana pale. Walichota maji pamoja. Walikula sombe kwenye sahani moja, wakicheka kwamba Jumamosi watavunjana miguu.

Jumamosi ikafika. Tukajipanga. Nahodha wa Marabo alipita mbele yetu polepole, mikono nyuma kama mkaguzi, akasimama mbele ya rafiki yangu. Akatabasamu. "Weye. Alhamisi mulisoma nini mu biologie?" Rafiki yangu alidhani ni mzaha. Akamwambia, "Unayua sikukuwa." Yule akageukia watazamaji, akainua mabega: "Asema hakukuwa! Mwanafunzi gani hakuyake ku masomo?" Umati wa Marabo ukalipuka. Mersenere! Mersenere! Mwalimu wetu mwenye daftari alikuwa mgeni, ana miezi miwili tu shuleni; akafungua ukurasa, akaona juma zima jina lile halina alama, akanyamaza. Rafiki yangu akavua jezi akaiweka kwenye majani, akatoka. Tulifungwa bao moja. Alilifunga nahodha mwenyewe, mpira ukipita chini ya tumbo langu, na alipokuja kuuchukua wavuni aliniambia, "Pole, kapiteni."

Jumatatu rafiki yangu hakuja darasani. Jumanne alifika mpaka sokoni, watoto wakamwimbia lile neno, akarudi nyumbani. Ilibaki miezi miwili tufanye mtihani wa taifa. Hakuufanya. Aliyekuwa wa tatu darasani leo anachomelea milango ya chuma kwenye njia ya soko, na ni fundi hodari, lakini diploma hana, na lile jina limekuwa kama ubini wake. Hicho ndicho nahodha wa Marabo alichokichukua kwa swali moja, na alijua. Alikuwa bado na ladha ya sombe ya mwenzake mdomoni.

Yeye alisonga mbele. Akapata diploma, akasoma ualimu, akawa prefe wa shule ile ile ya Marabo. Kisha yakaja mambo haya yetu ya vita ambayo sina haja ya kuyasimulia, vijiji vikakimbia, na yeye akaingia Bunia kwa miguu, mbele ya wanafunzi zaidi ya darasa zima, amebeba kengele ya shule kichwani. Wakapewa majengo ya shule yetu. Asubuhi wanasoma watoto wa Bunia, mchana watoto wa Marabo, mabenchi yale yale. Mnajua wanachoandikiana kwenye mbao za madawati? Mabao. Watoto wanalala kwenye mahema, hawajui mashamba ya baba zao yako mikononi mwa nani, na bado wanapata nguvu za kuchonga kwa wembe kwamba Bunia ni vilema. Mji mzima ukamsifu prefe huyu, na kwa haki, maana hakupoteza mwanafunzi hata mmoja njiani. Mimi sifa zake zilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Nilimfuata ofisini kwake. Nilimwambia mechi ya mwaka inakaribia, kipaza sauti kitakuwepo, asimame aseme mbele ya watu kwamba yule hakuwa mersenere. Sentensi moja. Akavua miwani, akaisafisha kwa shati. "Ndugu yangu, ile ilikuwa mambo ya butoto. Batoto haba bamepoteza yote, bamebakia na miye. Nitabaambia nini? Asema prefe yabo alikuwaka mudanganyifu?" Nikamwambia, "Sema kweli tu." Akatabasamu, lile lile tabasamu. "Kama ni kweli unataka, andika. Weye ndiye iko na kalamu." Basi niliandika. Mwaka ule, na mwaka uliofuata, na kila mwaka kabla ya mechi. Niliandika juu ya kitanda cha pili kutoka mlangoni. Niliandika juu ya sahani moja. Nilikuwa nikiyapanga maneno yangu juma zima kama mtu anoaye panga, na siku gazeti likitoka nililala usingizi mtamu. Wakati huo huo, ukurasa wa pili, niliwahubiria wenzangu wa Ituri kwamba kisasi kimetumaliza, kwamba anayelipiza leo analipiziwa kesho. Nyani haoni kundule.

Familia ya marehemu waliniita nizungumze kwenye matanga, kama mtu wa Bunia aliyecheza naye. Sijui kama mjane hasomi gazeti au anasoma sana. Nilikubali haraka mno. Niliandika karatasi, nikaikunja mfukoni, na ndani yake kulikuwa na kila kitu, kwa sababu niliapa kwamba kama hakusema mdomo ukiwa wazi, basi atasikia ukiwa umefungwa. Nikakaa chini ya turubai, nikipokea chai, nikingoja zamu yangu. Ndipo nilipomwona rafiki yangu fundi, kwenye safu ya wanaume wa familia, suruali ina madoa ya kutu, ameshika msalaba wa chuma uliochomelewa vizuri mno, wenye maua ya nondo pembeni.

Nilimvuta kando. "Weye unafanya nini hapa? Nani amekulipa utengeneze ile kitu?"

"Hakuna muntu amenilipa. Nilimutengenezea."

"Ule muntu? Ule yenye alikuharibia maisha?"

Akaniangalia kama unavyomwangalia mteja anayepinga vipimo. "Alikuyaka ku atelye yangu, ile mwaka balikimbia. Alisema, 'Ndugu, nilikuuliza ile kwestio kwa kusudi. Nisamehe.' Alilia ata. Nikamuambia imeisha. Tukakunywa chai."

"Ile mwaka? Na juu ya nini hukuniambia?"

"Hukuniulizaka." Akauegemeza msalaba kwenye ukuta, taratibu, usichubuke. "Siye tulikuwa tumemaliza. Batu pia balikuwa bameshasahau. Lakini weye kila mwaka unaandikaka. Ukiandika, kesho yake batoto banapita mbele ya atelye: 'Mersenere! Mersenere!' Mwaka yenye ilipita, binti yangu alirudia ku masomo analia. Bamemuita mutoto ya mersenere. Yeye hajuake ata mupira ni nini."

Nilianza kusema kwamba nilikuwa namtetea, kwamba kila mstari niliuandika kwa ajili yake. Alininyamazisha kwa kiganja tu, hakukasirika, na kwa hilo namlaumu hadi sasa; angekasirika ningejua la kufanya.

"Na tena," akasema, "ile siku kapiteni yetu alikuwa weye. Ulikuyaka kuona papa ku hopitali, Jumanne. Uliona ule kijana pale. Ulikuwa unayua yote. Kama ungesema neno moya, mechi ingeisha, tungeshindwa, na miye ningerudia ku masomo Jumatatu. Ulinyamaza. Ulikuwa unataka kucheza."

Waliita jina langu. Nilisimama mbele ya jeneza, karatasi mfukoni, nikasema kwamba marehemu alikuwa mchezaji hodari na kwamba aliwahi kunifunga. Watu walicheka kidogo, kwa heshima. Nikakaa. Hotuba zote za matanga zilikuwa ndefu kuliko yangu.

Wasomaji wangu, msitarajie niwaambie kwamba nimemsamehe. Sijamsamehe. Alichofanya kilikuwa uchafu, na chai ya watu wawili kwenye karakana haikuusafisha uwanja uliojaa watu. Aliumiza hadharani, akaomba radhi mafichoni, na mtu wa hivyo mimi namwita mwoga hata akibeba kengele kichwani mpaka Kisangani. Lakini hasira yangu nimeigeuza kila upande tangu siku ile, na kila nikiigeuza inanionyesha golikipa mwenye kitambaa cha unahodha mkononi, ameziba mdomo, anamwomba Mungu ili refa apige filimbi upesi. Miaka yote hiyo nilikuwa nampigia mtu mwingine kelele ili nisimsikie huyo.

Mkoa huu una watu wengi wenye kalamu, wenye kipaza sauti, wenye silaha, wanaosema wanalipiza kwa ajili ya fulani. Ninawaomba kitu kimoja ambacho mimi sikukifanya: nendeni kwanza kwa huyo fulani, mkae, mmwulize anataka nini. Pengine atawaambia alishamaliza. Pengine atawauliza mlikuwa wapi siku ile.

Mimi wangu nilimwuliza hatimaye, tukitoka makaburini. Alisema niandike mara moja, vizuri, kisha nimwache na binti yake. Kwa hiyo naandika: alikuwa mwanafunzi wa darasa la sita wa shule yetu, wa tatu darasani, na juma lile alikuwa hospitalini akimwosha baba yake. Nahodha wa Marabo alilijua hilo akauliza. Nahodha wa Bunia alilijua akanyamaza.