Anwani Ngeni Kwenye Swichi

Nani huyu aliyeingia kwenye mtandao wetu? Nilijiuliza hivyo wiki nzima katika ofisi ya ushirika wa maziwa, juu ya kijiji cha Kibabi. Swichi, kisanduku kinachounganisha vifaa vyetu, ilionyesha anwani moja, yaani namba ya kutambulisha kifaa, nisiyoijua. Neno la siri nililijua mimi peke yangu. Nililiweka kwenye kompyuta za ofisi na simu yangu tu.

Mimi hubishia kila kitu, hata mahubiri, basi nikachunguza. Anwani ilitokea alipofika Mama Furaha, mpokea maziwa, na ilipotea alipoondoka. Kwamba mimi na yeye tulipanda pikipiki moja asubuhi na jioni, hilo sikulipima. Kwamba simu yake ilikuwa ya vibonyezo, nalo nilikuwa na jibu: lazima anaficha nyingine.

Mkurugenzi akasema mwizi atafukuzwa kazi, akatukusanya wote.

"Nafunga hii anwani sasa," nikatangaza. "Muntu mwenye simu yake itakatika, njo yeye."

Nikabonyeza. Mama Furaha akageuza mifuko ya koti lake, yote mitupu, akainua kisimu chake.

"Dada, hii yangu haijue hata picha. Ya kwako iko namna gani?"

Wote wakaitazama simu yangu mezani. Ilikuwa imekatika kwenye mtandao.

Baadaye sana ndipo nilipojifunza kwamba simu za siku hizi hujitungia anwani ya bandia kwenye kila mtandao, ili mwenye simu asifuatiliwe.