Mume wa Tabu

Ngui alikuwa fundi seremala katika soko la Gikomba, mtu wa vitanda na makabati, lakini wateja wengi hawakulijua jina lake. Walimwita Sikujua. Tangu katikati ya miaka ya sabini alionekana kila Jumatano jioni kwenye televisheni, katika mchezo wa mzee mmoja mbishi wa mtaani na mkewe. Kila alipoharibu jambo, mzee huyo alivua kofia, akaishika kifuani na kusema, "Sikujua, mke wangu." Mkewe, aliyeitwa Tabu, alimkemea mpaka akanywea, halafu akamcheka na kumwekea chai. Huko mitaa ya Eastlands, mwenye televisheni hakufunga mlango Jumatano. Majirani walijaa ndani, na waliokosa nafasi walisimama dirishani.

Tabu alichezwa na Wakiuru, mama wa Mathare aliyeuza mitumba karibu na karakana ya Ngui. Kabla ya hapo hawakuwa hata marafiki. Siku moja walikuwa wakigombana juu ya mkokoteni uliofunga njia, naye mtu wa studio aliyekuja kununua meza akasimama kuwasikiliza hadi wakaona haya. Juma lililofuata akawaita wote wawili. Hawakuandikiwa kila neno. Walielezwa kisa, kisha wakaachwa waseme, na maneno yaliyochekesha watu zaidi yalitoka kinywani mwa Wakiuru.

Mume wake wa kweli, Bedan, alikuwa mlinzi wa usiku kiwandani. Aliingia kazini jua likizama, kwa hiyo miaka yote hiyo hakuwahi kuuona mchezo hata mara moja.

Mke wa Ngui aliuona wote. Nzembi alitazama nyumbani kwao mtaani Umoja, mtoto wao Mbeti mgongoni, na baadaye mtoto miguuni. Hakuwa na wivu, au kama alikuwa nao hakuutaja. Ila jioni moja, wakila, alisema, "Baba Mbeti, kule unaongea."

"Ile ni kazi."

"Najua ni kazi. Nasema tu, kule unaongea. Ukifika hapa unakula, unalala."

Ngui akaendelea kula. Ilikuwa kweli, na wote wawili walijua.

Mwaka ule wa ukame, watu walipokuwa wakipanga foleni kwa ajili ya unga wa mahindi ya manjano, Wakiuru alipatikana na uvimbe tumboni. Akakonda mbele ya macho ya kila mtu sokoni. Studio ikasema Tabu amekwenda kwao mashambani kumwuguza mamake, na Sikujua akabaki peke yake kwenye mchezo akiunguza ugali. Watu walicheka sana. Ngui alipopita njiani waliita, "Sasa, Sikujua! Mama amerudi?" Naye alijibu, "Bado," akiharakisha hatua.

Jumapili moja Ngui na Nzembi walikwenda kumwona Wakiuru hospitalini alikolazwa. Muuguzi alipomwona Ngui uso ulimchangamka. "Mzee, karibu. Mama yuko pale dirishani," alisema, akamletea kiti. Nzembi alisimama. Wakiuru alikuwa amebaki macho tu. Alimtazama Ngui akajaribu kutabasamu, kisha akauliza, "Baba Njoki amekuja?" Njoki alikuwa binti wa kwanza wa Wakiuru na Bedan. Ngui akamwambia atakuja. Saa ya kuwaona wagonjwa ikaisha, wageni wengine wakatolewa, lakini muuguzi akamwambia Ngui akae tu. Akakaa.

Walipotoka walimkuta Bedan langoni, amevaa koti lake la kazi, machungwa mawili mkononi.

"Wamenikataza kuingia," alisema. "Askari anasema mume wake yuko ndani."

 Ngui akamgeukia askari. "Huyu ndiye mume wake. Mimi naigiza tu."

Askari alicheka kwanza, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. "Basi aje kesho, mzee. Saa zimepita."

"Mimi nilikaa ndani hata baada ya saa kwisha."

"Wewe ni wewe," askari alisema.

Bedan hakubishana. Alimpa Nzembi yale machungwa ampelekee Mbeti, akashika njia ya kazini. Wakiuru alifariki kabla ya kupambazuka.

Siku ya mazishi makaburini palifurika watu. Wanawake wa Gikomba walimpita Bedan wakaenda kumshika Ngui mikono, wakilia, wakimwambia, "Pole, baba, umebaki na nani?" Mchungaji aliposema mume wa marehemu aje kutia udongo, macho yote yaliangukia kwa Ngui, na mtu asiyemjua akamsukumia sepetu mkononi. Ngui alitembea nayo hadi alipokuwa Bedan, akampa kwa mikono miwili. Watu wakanong'ona. Mama mmoja aliuliza waziwazi, "Huyo naye ni nani?"

"Ni baba," Njoki alijibu.

Siku zikapita, na Jumamosi moja mchana Bedan akafika kwa Ngui huko Umoja. Alikunywa chai yake polepole kabla ya kusema lililomleta. "Ndugu yangu, kila ninapokwenda watu wananisimulia habari za mke wangu. Alisema hivi, alifanya vile. Mimi sikumwona. Naomba unipeleke huko studio nimtazame, hata mara moja."

Ngui aliahidi, na Jumatatu akaenda kuuliza. Kijana wa ghala la kanda alimweleza kwamba kanda zilikuwa chache. Wakishaonyesha mchezo, walirekodi juu yake mambo mengine. Wakiuru alikuwa amefutwa siku nyingi. Hata ile michezo ya mwisho, aliyoicheza akiwa mgonjwa, ilikuwa imefunikwa na mechi ya kandanda.

Jumamosi Bedan alirudi, amenyoa ndevu na kuvaa shati safi. Ngui alimweleza, akitazama sakafu. Bedan alitikisa kichwa tu. Ndipo Nzembi, aliyekuwa amesimama mlangoni pa jikoni, akasema, "Mimi nayakumbuka maneno yake."

Akaja akasimama katikati ya chumba, mkono mmoja kiunoni kama Tabu. "Umeuza kiti ununue viatu? Haya, kaa juu ya viatu."

Ngui akainuka. Hakuwa na kofia, akashika kifua kitupu. "Sikujua, mke wangu."

"Hukujua una matako?"

Bedan alicheka ghafla, kicheko kikubwa kilichomshtua mwenyewe, kisha akakiziba kwa mkono. "Hilo aliniambia mimi," alisema. "Niliuza redio yetu ninunue viatu vya kazi. Akaniambia nivae viatu masikioni."

Nzembi akaendelea. Alisema maneno ya kuku aliyepotea, ya mgeni aliyemaliza nyama, ya paa lililovuja, na karibu kila mara Bedan alisema, "Hilo pia ni letu." Chozi lilimtoka bila yeye kulifuta. Ngui alisimama pale na mikono yake mitupu. Miaka yote ile alikuwa akijibiwa maneno ya nyumba ya mtu mwingine.

Studio ilimleta mwanamke mwingine, Lenah, awe Tabu. Alikuwa hodari, hana kosa. Siku ya kurekodi alimwekea Ngui chai, akamwita mume wangu, na Ngui hakuweza kutoa sauti. Wakajaribu tena na tena. Mwishowe aliomba radhi akaenda zake karakanani. Kofia akapewa mtu mwingine, na mwaka uliofuata mchezo ukakoma.

Bedan aliacha ulinzi akarudi kijijini kwao Murang'a, na huko ndiko alikofia, haikupita miaka mingi. Ngui na Nzembi walikwenda kumzika. Kijiji kile hakikuwa na televisheni. Ngui alisimama nyuma, kati ya wageni wengine, na mzee mmoja alipomuuliza marehemu alikuwa nani wake, alisema alikuwa amefanya kazi na mke wa marehemu.

"Alikuwa mama wa namna gani?" mzee aliuliza.

Ngui alimtazama Nzembi, na Nzembi ndiye aliyejibu, kwa maneno ya Wakiuru mwenyewe, akianza na yale ya viatu.