Nilivyombania Mama Dawa Yake

Jamani, mimi si mtu wa kuona haya. Miaka ishirini nauza vikombe na chupa za chai Kikuubo, soko la katikati ya Kampala, pale ambapo ukiongea kama mtu aliyelelewa vizuri hakuna anayekusikia, nimeshagombana na wapagazi, na madereva wa malori, na shemeji zangu wawili kwa mkupuo mmoja, halafu nikaenda zangu kula chakula cha mchana kwa raha. Lakini lile nililolifanya wodini, mbele ya vitanda kumi na viwili na watu wake wote, hata sasa nikilikumbuka nikiwa peke yangu nafunika uso kwa leso.

Chanzo ni goti la Mama. Sisi ni Wanubi wa Kyebando, wajukuu wa wale askari wa Sudani, na Mama ni mwanamke wa kukaa chini akisuka vyungio kuanzia asubuhi, basi goti lake la kulia likaisha kabisa, ngazi tatu za mlangoni anazipanda akipumzika mara mbili. Madaktari wakasema libadilishwe, watie la chuma. Mama akakataa katakata. Dada yake alifanyiwa hivyo zamani na siku nne mfululizo alilia mpaka wodi nzima ikamjua kwa sauti, na Mama (aliyezaa watoto saba bila majirani kusikia kitu) haogopi kufa, anaogopa kulia mbele ya watu.

Ni mimi niliyemshawishi. Daktari wa ganzi alinieleza vizuri: siku hizi wanapitisha mrija mwembamba kama tambi pajani, hadi karibu na mshipa unaopeleka maumivu, wanauacha humo humo, na huku nje mrija umeungwa na kipira kilichojaa dawa ya ganzi ambacho kinajiminya chenyewe polepole kwa siku tatu, goti linakaa kimya. Nikamwambia, "Mama, wallahi hutalia." Akasema sawa, na nyie mjue alikubali kwa neno langu, si kwa neno la daktari.

Na kweli, siku ya kwanza ilikuwa ajabu. Mtu amekatwa mfupa jana, leo anakunywa chai na kuuliza kama kuku wamefungiwa. Mama Furaha, mwanamke wa Kongo aliyekuwa akimuuguza wifi yake kitanda cha jirani, alikuja kushangaa kazi ya madaktari. "Ee Mama, na unacheka? Bamunganga ya hapa beko na akili!" Nesi wetu alikuwa msichana mwembamba wa kutoka Arua, Sista Candiru, ana miezi miwili tu pale, sauti yake ndogo mpaka umsogelee. Alinionyesha kile kipira ndani ya kimfuko chake na akaniambia, "Hii kitu munaacha tu namna iko. Mutu asiguse." Nikaitikia kama mtoto wa shule.

Sasa sikilizeni akili ya mfanyabiashara. Asubuhi ya siku ya pili, saa nne hivi, Mama amelala anakoroma, mimi nimekaa pembeni sina la kufanya (na hapo ndipo shetani anaponipata kila siku), nikakitazama kipira. Jana kilikuwa kama balungi, leo kimekuwa kama chungwa, na bado kuna leo nzima na kesho. Nikawaza, mtu aliyelala anaumwa wapi? Hii dawa inamlisha nani saa hizi? Nyumbani chai ikishaiva mimi nafunga kimlango cha sigiri makaa yasiishe bure, na marehemu baba alitufundisha kwamba akiba haiozi. Kwenye mrija kulikuwa na kibanio kidogo cheupe cha plastiki. Nikakisukuma kwa kidole gumba, kikabana, nikaufunika mrija na blanketi usivutwe, nikajiona nina akili kuliko daktari. Akiamka tu nitafungua.

Kisha nikaenda Kyebando mara moja kumpikia mchuzi.

Mara moja! Nimefika tu, mvua ikashuka, ile mvua ya Kampala isiyokuwa na adabu, barabara ya Kalerwe ikajaa maji, boda wote wamejibanza chini ya mabati hakuna anayekubali kutoka, na mimi nimesimama na sufuria yangu nimeifunga kwa kitambaa nikiilaani serikali. Kwa mawazo ya mchuzi kumwagika na viatu kuloa, kile kibanio kilinitoka kichwani kabisa, kana kwamba si mimi niliyekigusa. Nilifika hospitali saa kumi (jina la hospitali nalihifadhi, wao hawakunikosea kitu).

Nikiwa bado kwenye korido nikasikia mtu analia. Nikasema maskini, sijui mgonjwa wa nani huyo. Sikuitambua ile sauti, ndugu zangu, kwa sababu sikuwahi kuisikia maishani mwangu. Alikuwa Mama. Amekunja ncha ya mtandio ameing'ata, machozi yanamwingia masikioni, goti limevimba, na Sista Candiru amemwinamia anamwambia vumilia Mama, nimekupa vidonge, daktari wa ganzi yuko upasuaji, nimeshamwita. Nilishtuka mpaka sufuria ikanitoka mkononi, mchuzi ukasambaa hadi chini ya kitanda cha wifi yake Mama Furaha.

Mtu mwingine angeuliza kuna nini. Mimi nilifungua mdomo wa Kikuubo.

"Musawo! Wewe nesi! Mumempa Mama yangu maji?" Nikakinyakua kile kipira nikakiinua juu wodi nzima ione. "Angalieni, jamani banange! Jana alicheka, leo analia! Dawa imekwenda kuuzwa kliniki gani? Sema!"

Mnajua watu wa wodini, kila mmoja ana kidonda chake cha moyo. Mzee mmoja akasema hata sindano za mke wake haelewi zinakwenda wapi. Mama Furaha akapiga makofi, "Sema mama, sema! Bamezoea!" Simu zikatolewa, nikaziona tatu zikinielekea, na badala ya kuona aibu nikaongeza sauti na kujiweka sawa mtandio.

Sista Candiru akaniambia kwa ile sauti yake, "Mama, niache niangalie mrija."

"Usimguse!" nikamjibu, nikajitanda mbele ya kitanda, mikono kiunoni. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Binti alikuwa anakwenda pale pale penye tatizo, na nilimzuia mimi, dakika kumi nzima, huku Mama analia nyuma ya mgongo wangu. Alijaribu upande huu, nikahamia upande huu. Machozi yakamlenga, kamera zikamsogelea, na mgonjwa wa kitanda cha tano akavuta mkono wake chini ya shuka akasema huyu asinichome tena.

Ndipo akaja sista mkubwa, mtu mzima mwenye miwani, hakuniuliza kitu. "Nyabo, toka hapo," alisema, na kitu fulani katika ile sauti kikanisogeza. "Candiru, kagua."

Akapiga magoti kando ya kitanda. Akakishika kipira, akaanza kuufuata mrija kwa vidole viwili, taratibu. Akaufuata hadi ukingo wa kitanda. Akainua blanketi. Na kabla kidole chake hakijafika, nikakumbuka.

Sijui niwaelezeje. Kibanio cha asubuhi, kidole gumba changu mwenyewe! Na nilikuwa na nafasi ya kusema kabla hajafika! Sikusema.

"Imebanwa," Sista Candiru alisema. Akakifungua kibanio pale pale. Sista mkubwa akageuka, akatutazama mmoja mmoja. "Nani amebana hapa?"

Wodi nzima wakatazamana. Na mimi, niliyekuwa napiga kelele sasa hivi, nikatazama mchuzi sakafuni.

"Ni mimi." Ilikuwa sauti ya Mama. Ametoa mtandio mdomoni, anahema. "Ni mimi mwanangu, nilishika bila kujua. Mtanisamehe, mimi mtu mzima sijasoma."

"Ee Mama!" Mama Furaha akaruka. "Weye mwenyewe unajiua, halafu unaliza mutoto wa batu?" Na wengine nao wakamwangukia, mzee wa sindano anatikisa kichwa, mtu mmoja akacheka. Ndipo nikaelewa: kumbe Mama alikuwa ameshaamka asubuhi ile nilipokuwa nabana. Aliniona, akaniachia, akidhani najua ninachofanya, na saa zote zile alipoumia hakunitaja kwa mtu. Sasa anachekwa na wodi nzima, machozi bado hayajakauka, kwa ajili yangu.

"Si yeye," nikasema. "Ni mimi."

Hakuna aliyesikia. Mimi! Sauti yangu inavuka lori linaloshusha mizigo, na pale ilitoka kama ya kifaranga. Nikavuta pumzi nikasema tena, kwa nguvu, "Nilibana mimi! Nilitaka dawa isiishe! Huyu binti hana kosa na Mama hana kosa!" Nikapiga magoti pale pale kwenye mchuzi, nikamshika Sista Candiru mikono yote miwili. Alinitazama, akatoa mikono yake kwa upole akasema, "Simama, mama. Niache nifanye kazi."

Daktari wa ganzi alikuja na nguo za upasuaji, akaongeza dawa kwa mrija ule ule, na baada ya nusu saa Mama akafumba macho. Alipoamka aliuliza kama nimeshakula. Hilo tu. Leo anatembea, ngazi tatu anazipanda bila kupumzika, na hajawahi kunitajia siku ile.

Mkosi ni zile simu. Pale nilipoinua kipira juu, video ilifika Kikuubo kabla sijarudi kazini. Pale nilipopiga magoti, hakuna aliyerekodi au hakuna aliyeona ina utamu wa kutuma. Nilirekodi yangu mwenyewe dukani nikieleza ukweli, wakaitazama watu wachache, wengi jamaa zangu. Nilirudi wodini mwezi uliofuata na chupa ya chai nzuri kuliko zote nilizonazo, nikaambiwa Sista Candiru ameomba kuhamishwa, wagonjwa walikuwa wanamkataa.

Na mpaka leo mtu ananisimamisha katikati ya Kikuubo, ananishika mkono, anasema hongera dada, wewe ndiye uliyemkamata yule nesi mwizi. Nimeapa hakuna atakayeniambia hivyo akaondoka bila kusimuliwa yote, hata kama ana mzigo kichwani. Basi na wewe uliyenipongeza sasa hivi, na nyie mliosimama kusikiliza, ndiyo hivyo ilivyokuwa, na ile video kama unayo, ifute.