Sindano Mkononi mwa Naisula

Siku Naserian alipokufa, mdogo wake Naisula alikuwa ameketi kwenye benchi la baraza, nje ya chumba cha upasuaji cha hospitali moja ya upande wa Kilosa, amepakata khanga za kumpokelea mtoto. Alikuwa bado msichana wa sekondari. Muda mfupi baada ya dada yake kuingizwa ndani, mtaalamu wa dawa za usingizi aliyeitwa Donati alitoka na nguo zake za kijani, akasimama kwenye kona ya baraza na kuanza kuongea na simu. Aliongea kwa raha, akicheka. Naisula naye akafurahi. Alijiambia kwamba kama huyu anacheka, basi mambo ya ndani ni mazuri.

Kisha mtu akapiga kelele kutoka ndani akiita jina la Donati, naye akakimbia.

Mtoto alitolewa hai, wa kike. Mama yake hakutoka.

Donati ndiye aliyewaletea wafiwa habari. Mbele ya Saning'o, mume wa marehemu, alimgeukia mama yao Naserian na Naisula. "Mama, huko nyumbani mlimpa dawa gani?"

"Supu ya mizizi," mama akajibu bila kuficha. "Wajawazito wetu wote huwa tunawapa."

Donati akatikisa kichwa. "Basi ndiyo hiyo iliyoshusha presha. Dawa zenu hizi, mama, zinatumalizia watu."

Neno hilo lilifika nyumbani, kwenye maboma ya Wamasai ya tambarare ng'ambo ya Kilangali, kabla maiti haijafika. Saning'o alimchukua mtoto akampeleka kwa ndugu zake, akamkataza bibi wa mtoto asimguse. Wanawake waliokuwa wakimwita mama huyo kila uchungu unapoanza wakaacha kumwita. Alikuwa mwimbaji katika sherehe zote za pale, sasa akawa anakaa mlangoni kwake amejifunika shuka, na akisikia mjamzito anapita anaingia ndani.

Naisula alisomea uuguzi kwa sababu moja: alitaka kujua kama kweli mama yake alimuua dada yake. Jibu alilipata darasani, siku mwalimu alipofundisha sindano ya ganzi ya mgongo. Mwalimu alisema dawa ile ikishaingia inalegeza mishipa ya damu, presha inaweza kuanguka ghafla, hasa kwa mjamzito, na mgonjwa anaanza kupiga miayo, anasikia kichefuchefu, anaona giza. Dawa ya kuinua presha iwe tayari kwenye bomba la sindano. "Na aliyechoma sindano," mwalimu akamalizia, "haondoki kichwani pa mgonjwa. Haondoki hata kama anaitwa na nani."

Wenzake waliandika. Naisula aliweka kalamu chini. Alimwona Donati kwenye kona ya baraza, na kicheko chake, na akakumbuka kitu ambacho hakuwahi kukitilia maanani: mashine ya kupima presha ndani ilikuwa kimya. Hakuna mlio wowote wa hatari uliosikika. Kuanzia siku ile alimchukia mtu huyo kwa chuki iliyotulia, isiyo na kelele, chuki ya mtu anayejua anakokwenda. Alisoma kozi ya usingizi akawa wa kwanza darasani, na watu wakamsifu kwa bidii. Hawakujua anasomea nini.

Akapangiwa kazi katika hospitali moja ya Mikumi. Ajali za barabara kuu ndizo zilizomkomaza, na wanafunzi wa uuguzi wakawa wanaletwa kwake kujifunza. Alikuwa mkali. Mwanafunzi akigeuza macho kutoka kwa mgonjwa, Naisula alimtoa nje. Habari za Donati alizifuatilia kwa mbali: amestaafu, amejenga kwao Kisanga, ni mzee wa kanisa, watu wanampenda.

Halafu asubuhi moja Donati akaletwa mwenyewe, amejikunja kwa maumivu. Ngiri ilikuwa imenasa, utumbo umebanwa. Daktari Hildegarda alimpima akasema hakuna kusubiri, apasuliwe sasa hivi, na ganzi iwe ya mgongo.

Alipoingizwa, Naisula hakumpa shikamoo. Mwanafunzi aliyekuwa naye, Imani, alishangaa, maana yeye aliitoa mara moja na mzee akaitikia marahaba kwa sauti ya kuugua.

Naisula alifanya kila kitu kwa utaratibu. Alifunga mkanda wa presha, akavalisha kidole kibanio cha kupimia oksijeni, akafungua dripu, akavuta efedrini, dawa ya kuinua presha, kwenye bomba. Alimkalisha mzee, akamwinamisha, akachoma. Sindano ilikwenda vizuri kuliko zote alizowahi kuchoma. Kisha akamlaza, akasimama kichwani pake. Daktari Hildegarda alikuwa chumba cha pili akinawa mikono.

"Mzee Donati," akasema, "mimi ni mdogo wake Naserian. Yule mama wa Kimasai uliyesema ameuawa na supu."

Donati alifungua macho. Akamtazama. Hakuuliza Naserian ni nani, na hapo Naisula akajua kwamba hajamsahau.

Mashine ikaanza kulia.

"Sista, presha inashuka," Imani akasema.

"Naiona."

Donati akapiga mwayo, kisha mwingine. Jasho likamtoka usoni. Hakuhitaji kuangalia mashine. Kazi hiyo aliifanya maisha yake yote, alijua ni nini kinamtokea na alijua kilichomo ndani ya bomba lililokuwa mkononi mwa yule binti.

"Efedrini," akanong'ona. "Binti yangu, nipe."

"Ile siku ulizima sauti ya mashine?"

"Sista!" Imani akaita.

"Nilizima," Donati akasema, midomo imekauka. "Ilikuwa inapiga kelele mno. Nilizima nikatoka. Naona giza, mwanangu. Nisaidie."

Naisula alisimama pale na bomba mkononi. Alitaka afe. Tena alitaka afe akijua. Alitazama kope zake zinavyolemea, akaona ni rahisi mno, ni kusimama tu bila kufanya kitu, kama Donati alivyomwacha dada yake. Halafu akawaza kwamba maiti haina mdomo wa kumsafisha mama yake.

Akasukuma dawa, akafungulia dripu yote, akainua miguu ya mzee. Namba zikapanda. Daktari Hildegarda alipoingia alikuta mgonjwa ametulia, machozi yanamtiririka kuelekea masikioni.

Upasuaji ulipokwisha, Imani alimfuata kwenye chumba cha kubadilishia nguo. "Sista, kwa nini ulichelewa?"

Naisula angeweza kumwambia kwamba bomba liliziba. Binti angeamini.

"Kwa sababu namchukia," akasema. "Twende kwa daktari. Utamweleza ulichokiona, na mimi nitakuwepo."

Hildegarda aliwasikiliza wote wawili hadi mwisho. "Angekufa mezani pangu, Naisula, ningekupeleka polisi kwa mkono wangu," akasema. Alimwondoa chumba cha upasuaji, akampeleka wodi ya kawaida, na shauri lake likapelekwa kwa wakubwa. Naisula hakujitetea.

Lakini kabla Donati hajaruhusiwa kutoka, Naisula alikwenda kitandani pake. "Kashitaki," akamwambia. "Ni haki yako. Ila ukipona utakwenda kwa mama yangu."

Alikwenda. Alifika bomani kwa pikipiki, anatembea kwa tahadhari kwa ajili ya mshono. Naisula alikuwepo, akatafsiri kwa Kimasai mahali Kiswahili cha mama yake kiliposhindwa. Donati alisimama uani, kofia mkononi, akasema kwamba supu haikumuua Naserian. Akasema alizima mlio wa mashine, akatoka kuongea na simu, na aliporudi alikuwa amechelewa. Akasema alitaka kumtupia mtu mwingine lawama, na mama ndiye aliyekuwa karibu.

Donati akaanza kupiga magoti. "Mama, nakuomba unisa—"

"Simama," mama akasema. Kisha akatuma aitwe Saning'o.

Saning'o alipokuja, alisimama mbali, kama heshima ya mkwe inavyotaka. Mama akamwelekezea Donati kidole. "Sema tena. Huyu hajasikia."

Donati akasema tena. Saning'o akainamisha uso, asijue pa kuuweka.

"Sasa twende kwa wale walioacha kuniita," mama akasema, akaokota fimbo yake.

Akamzungusha boma kwa boma. Kila mlango aliita wanawake watoke, akamsimamisha mzee wa kanisa mbele yao: "Sema." Jua likawa kali, sauti ikamkauka Donati, mkono ukashika tumbo penye mshono. Naisula aliona uso wake ulivyopauka, na vidole vyake vikatamani kumshika mapigo ya moyo. Akaizuia mikono yake nyuma ya mgongo.

"Yeyo, amechoka," akamwambia mama yake mwishowe. "Anaweza kuanguka."

"Akianguka utamwamsha. Si umesomea?" mama akajibu bila kugeuka, na kuelekea mlango uliofuata.